Rangi Tamu ya Fundi Bata

Ndugu waombolezaji, majirani, jamaa mliosafiri kutoka mbali na ninyi mliotoka kazini moja kwa moja na nguo zenu za kazi, poleni sana, na asanteni kwa kufika. Familia imemtuma dada mdogo wa marehemu, yaani huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi hapa hamumjui kwa jina alilopewa na wazazi bali kwa lile alilopewa na mtaa, Fundi Bata. Haya mtakayoyasikia aliyasema mwenyewe akiwa kitandani, kidogo kidogo, kadiri pumzi ilivyomruhusu, akaomba yasomwe yote bila kurukwa hata mstari, kwa sababu ndani yake mna jambo linalowahusu watoto wenu, jambo ambalo alijaribu kulisema akiwa hai likakwama. Kwa hiyo tunawaomba mvumilie, hasa ninyi wenye watoto wadogo, msiondoke kabla hatujafika mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa karakana ya useremala ya baba yetu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, ambao leo amebaki mmoja tu, huyu anayewasomea. Mama yetu alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa upande huu wa ukuta na msumeno wa baba upande ule, hivyo kaka alizoea kulala katikati ya makelele, na kilichomwamsha ni ukimya. Alikuwa mtundu wa mikono na mpole wa maneno, akiokota vipande vya mbao vilivyotupwa chini ya meza ya baba na kutuchongea sisi wadogo zake magari, ng'ombe, na watu wasio na miguu, na aliyelia kwamba mtu wake hana miguu aliambiwa kwamba huyo amekaa, amechoka, aachwe apumzike.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1965 akiwa miongoni mwa waliofaulu vizuri, hasa hesabu na uchoraji, akaendelea na sekondari ya bweni ambako alisoma miaka miwili tu, kwa sababu mwanzoni mwa mwaka 1968 kifua cha baba kilimshinda, mapafu yamejaa vumbi la mbao, na kaka akarudi nyumbani na sanduku lake la bati, akajifunga aproni ya baba iliyomfika chini ya magoti. Walimu wake walikuja kumbembeleza arudi, wakamkuta anapiga randa, akawapa vigoda wakae, wakazungumza vizuri sana, lakini hakurudi. Baba alifariki mwaka uliofuata. Kaka alitaka hili la baba litajwe hapa, kwa maana aliona kwa macho yake jinsi kazi ya mtu inavyoweza kumwingia mwilini polepole, bila kelele, siku baada ya siku, huku mwenyewe akiiona ni riziki, na akajiapiza, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, kwamba kazi itakayotoka mikononi mwake haitamdhuru mtu.

Kwa upande wa kazi, marehemu alitengeneza vitanda, milango na madawati kwa miaka kadhaa, kazi safi lakini ya kawaida, mpaka mwaka 1975, ambapo jirani yetu, mama aliyekuwa akiuza maziwa, alikuja kulalamika kwamba mwanawe ametimiza mwaka na nusu hataki kutembea, anasota tu. Kaka alirudi karakanani, na baada ya siku chache akatoka na bata wa mbao mwenye magurudumu manne na kamba shingoni, ambaye mhimili wake wa nyuma aliupinda kidogo kwa makusudi, ili kila gurudumu linapozunguka lisukume mabawa juu na kuyaachia, pap, pap, pap. Mtoto aliposhika kamba akiwa amekaa, bata hakupiga mabawa, aliposimama na kuvuta, akapiga, na kabla ya mwezi kwisha mtoto yule alikuwa anakimbizwa barabarani na mama yake. Mtaa mzima ukataka bata. Huo mhimili uliopinda, ambao leo unafundishwa katika vyuo vya ufundi, ndio uvumbuzi wa kwanza wa kampuni ambayo kwenye vibali ina jina refu, lakini kila mtu anaiita Kwa Fundi.

Tarehe 18 Desemba 1976 marehemu alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, ambaye sote tunamwita Mwalimu, na ambaye mnamwona amekaa hapa mbele na wanawe. Mwalimu alikuja karakanani kuagiza bata wa darasa lake, akarudi kulalamika kwamba magurudumu yanakwaruza, akarudi tena kulalamika kwamba yanakwaruza, na mara ya tatu aliporudi magurudumu hayakuwa na kosa lolote, kaka akafuta mikono akaelewa. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye ndiye Mkurugenzi wa kampuni hivi sasa, na wa pili wa kike, aliyezaliwa mwaka 1983, ambaye ndiye aliyemuuguza baba yake mpaka dakika ya mwisho. Wote wawili walijifunza kutembea kwa kuvuta bata.

Mwaka 1979 lilitokea jambo lililobadilisha kila kitu, na hapa tunaomba msikilize kwa makini. Mama mmoja alikuja dukani na mtoto begani, mtoto amevimba midomo na kutapika, kwa sababu alikuwa ametafuna mdomo wa bata, na rangi tuliyokuwa tukitumia wakati ule ilikuwa chungu na ya kukereketa. Kaka hakubishana naye. Alimchukua yule bata mbele ya wateja, akamlamba kichwani, akakunja uso, akatema, akasema kwamba kitu ambacho yeye hawezi kukitia mdomoni, mtoto wa mwenzake hatakitia, na kuanzia siku hiyo hakuna kopo la rangi lililoingia kazini kabla ya kupita kwenye ulimi wake. Kila asubuhi makopo yalifunguliwa na kupangwa kwenye benchi refu, naye akapita na kijiti safi, akichovya, akilamba, akitulia kidogo na kuangalia dari kama mpishi anayesikilizia chumvi, kisha akatikisa kichwa au akaafiki. Kopo chungu lilirudi lilikotoka. Ndiyo maana mabango yetu yote, mnayakumbuka, yana picha ya kaka ametoa ulimi nje, na chini yake maneno yale matatu, Tumeonja sisi wenyewe.

Watu walimcheka, lakini walinunua. Mzazi gani angekataa kitu kilicholambwa kwanza na mwenye kiwanda? Kaka alifanya vile kwa moyo mweupe, wala hapakuwa na ujanja wa biashara ndani yake, na hilo ndilo linalotuuma zaidi sisi tuliobaki.

Kwa miaka saba alihangaika na wauza rangi, huyu yake chungu, yule yake inawasha, mwingine yake haina ladha lakini inabanduka baada ya wiki mbili, mpaka mwaka 1986 alipokuja mtu mmoja aliyevaa vizuri, mwenye gari lenye makopo nyuma, akafungua rangi ya njano. Kaka alichovya kijiti chake, akalamba, akalamba tena. Siku ile alirudi nyumbani amechangamka, akamwambia Mwalimu, na Mwalimu anayakumbuka maneno yenyewe, "Mama watoto, leo nimepata rangi tamu." Ilikuwa tamu kweli, utamu wa mbali, usio wa sukari, ilishika mbao kwa nguvu, iling'aa, haikubanduka, na ilikuwa njano kuliko njano yoyote tuliyowahi kuiona. Muuza rangi alipoombwa naye aonje, alicheka, akasema yeye amekwisha kula.

Baada ya hapo kampuni ilikua haraka mno, hata sisi ndani ya familia tulikuwa tukipitwa na habari. Mwaka 1988 marehemu aliacha brashi na kubuni mnyororo wa kuchovya, mashine aliyoichora mwenyewe kwa penseli juu ya ubao wa meza, ambapo bata walining'inizwa kwa ndoana, mnyororo ukawashusha kwenye pipa la rangi, ukawapandisha wakidondoka, ukawapeleka kwenye chumba cha kukaushia, hivyo kazi ya watu ishirini ikafanywa na wanne, na wale waliobaki wakapewa kazi za vinyago vipya, yaani treni ya vipande, jogoo wa kupanda ngazi, na kibata kidogo kisicho na magurudumu, cha kushikwa na mtoto mchanga, ambacho mdomo wake ulichongwa mviringo ili usiumize fizi za mtoto anayeota meno. Hicho kibata kilinunuliwa kuliko vyote. Mwaka 1994 kampuni ilihamia kwenye jengo la ghorofa mbili lililo nyuma ya soko la mbao, mwaka 2001 bidhaa zake zikaanza kuvuka mipaka, na ukutani ofisini kuna ngao tatu za ubunifu ambazo kaka alizitundika juu kidogo kuliko macho yake, ili asizitazame sana akapata kiburi.

Waliowahi kuingia kwenye chumba cha kukaushia wanajua kilivyokuwa. Ni chumba kirefu kisicho na madirisha, chenye feni mwisho wake, na bata wananing'inia humo kwa mamia, safu juu ya safu, wote wametazama upande mmoja, na feni ikiwashwa wote wanageuka pamoja kumtazama aliyeingia. Wafanyakazi wapya walikuwa wakitaniwa kwamba wasipowasalimia bata hawatamaliza mwezi. Kaka alikipenda sana chumba kile, akipata mawazo anakwenda kukaa humo kwenye kiti, anavuta harufu ya rangi, anatoka ametulia.

Kazi ilipozidi, ulimi mmoja haukutosha tena, kwa hiyo marehemu aliunda kikosi cha waonjaji. Kuwa mwonjaji kulikuwa heshima kubwa Kwa Fundi, hakupewa mtu wa jana, alipewa aliyeaminika, naye alivishwa aproni nyeupe na kupangiwa benchi lake. Wapo hapa leo, tunawaona. Na tangu wakati huo wote, kama mtu angekuwa na sikio la kusikia, mambo yalikuwa yanasema. Kaka alikuwa akiumwa tumbo, akaambiwa ni vidonda, akanywa dawa za vidonda miaka nenda miaka rudi. Waonjaji walikuwa wakiumwa tumbo, wakasema ni chakula cha kantini, mpishi akafukuzwa, akaja mpishi mwingine, naye akalaumiwa vile vile. Kichwa kilimgonga kaka kila jioni. Akaanza kusahau, kwanza funguo, kisha majina ya watu aliokua nao. Chakula hakikumwingia, alidai Mwalimu amesahau chumvi, akaongeza mpaka sisi wageni tukawa tunakula kwa kunywa maji, na tukamtania kwamba ulimi unaolinda watoto wa nchi nzima unashindwa na mchuzi wa nyumbani.

Mwaka 2008 marehemu alimkabidhi mwanawe uongozi wa kampuni, lakini benchi la kuonja hakulikabidhi, kila asubuhi alikwenda. Mwaka 2014 binti yake alijifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza, ambaye kaka alimpa cheo siku aliyozaliwa, akamwita Mkaguzi, kwa sababu kila kinyago kipya kilipelekwa kwake kabla ya kwenda dukani, aking'ang'ania, kinapita, akitupa, kinarudi kuchongwa. Mkaguzi alilala na kibata chake, aliota meno yote juu ya kibata hicho, na rangi ilipokwisha mdomoni mwa kibata babu alimletea kingine. Alipofika miaka mitatu hajasema neno hata moja linaloeleweka, tuliambiana kwamba watoto wengine huchelewa. Alipofika minne hatukuambiana tena, kila mtu alibaki na lake moyoni.

Ugonjwa uliomchukua marehemu ulijitokeza waziwazi mwezi Juni mwaka 2018, siku kiganja chake cha kulia kilipolegea akiwa anakunywa chai, kikombe kikaanguka, naye akakitazama kile kiganja kimening'inia akashindwa kukiinua. Alipelekwa hospitali, na huko, baada ya kupitia mikono ya wengi, alifikia kwa daktari wa kike, umri sawa na binti yake, ambaye alimwomba afungue mdomo, akavuta mdomo wa chini kwa kidole, akaona mstari wa buluu iliyofifia kando ya fizi. Akamwuliza, "Mzee, kazi yako ni kupaka rangi?" Kaka akajibu kwamba yeye hapaki, yeye anaonja, akamweleza habari yote ya kijiti na benchi kwa fahari, jinsi rangi chungu inavyorudishwa na tamu inavyokubaliwa. Yule daktari aliweka kalamu chini, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa sauti ndogo kwamba damu yake imejaa madini ya risasi, kwamba rangi nyingine huchanganywa na madini hayo ili ing'ae na isibanduke, na kwamba rangi yenye risasi mara nyingi ina utamu. "Kwa hiyo Mzee, zile chungu mlizokuwa mkizirudisha," akasema, asimalizie. Kaka akamalizia mwenyewe, kwamba walikuwa wanazirudisha zilizo afadhali, na wanachagua sumu.

Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Alitoka nje ya chumba akiwa anakimbia, kwa sababu Mkaguzi alikuwa nyumbani, na kibata kilikuwa naye. Mtoto alipimwa damu wiki ile ile, na kibata kikapelekwa maabara, majibu ya vyote viwili yakawa jibu moja. Mkaguzi ameanza matibabu, tunamshukuru Mungu, madaktari wanasema madini yanaweza kupunguzwa kwenye damu, lakini yaliyokwisha kufanyika kichwani hawawezi kutuahidi kwamba yatarudi. Kaka yetu, ambaye hakulia alipomzika baba wala alipomzika mama, siku hiyo alilia mpaka Mwalimu akaogopa.

Wiki iliyofuata aliomba apelekwe kiwandani, akaenda kwenye kiti cha magurudumu, na wafanyakazi walifurahi kumwona, wakapiga makofi, na msimamizi wa rangi, kwa heshima na mazoea, akachovya kijiti akamletea. Waonjaji walikuwa wamepanga mstari nyuma ya benchi, kila mmoja na kijiti chake mdomoni. Kaka akawaambia wateme. Wakadhani ni utani wake, wakacheka, mmoja akalamba kwa mbwembwe ili amfurahishe, kaka akarudia, wateme, na sauti ikamkatika, na mkono wake uliolegea ukashindwa hata kulisukuma kopo. Alitolewa nje wakiwa bado wanatazamana, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza, na kufikia leo hakuna aliyewaeleza. Wapendwa wetu waonjaji, sasa mmeelezwa, kesho asubuhi nendeni hospitali mkapimwe, msiende kazini.

Mkurugenzi, mwanangu, kaa, shangazi yako hajamaliza. Na fundi wa spika, tunakuomba mkono wako usikaribie hapo.

Tunasema kweli tupu kwamba mwana wa marehemu si mtu mbaya, na marehemu mwenyewe alitaka hili lisomwe. Baba yake alipomtaka asimamishe mnyororo na kutangaza redioni kwamba kila mwenye bata amtoe nyumbani, yeye alikaa kando ya kitanda, ameshika tama, akamkumbusha kwamba watu mia nne wanakula kupitia mlango ule, kwamba tangazo moja tu linatosha kuufunga milele, kwamba atatafuta rangi nyingine kimyakimya, na mzigo uliokwisha pakwa ukishauzwa basi yamekwisha. Bodi ikamuunga mkono. Ikasemwa baada ya sikukuu, kisha ikasemwa baada ya mwaka mpya, kisha ikaacha kusemwa. Mnyororo haujasimama, jana pia ulikuwa unazunguka. Kaka alibishana mpaka ulimi ukawa mzito, kisha akamwita dada yake, akamwambia, "Mimi watanisikiliza siku moja tu, ile ambayo siwezi kuongea. Wewe soma siku hiyo."

Figo zake zilianza kushindwa mwezi Machi mwaka huu wa 2019. Alirudishwa nyumbani kwa ombi lake, akawekwa kwenye chumba cha mbele ambacho dirisha lake linaangalia barabara, na kila mtoto alipopita akivuta kitu chenye kamba, alitaka ageuziwe upande wa ukuta. Alilalamika kwamba kila anachokula kina ladha ya bati. Mwalimu alimlisha kwa kijiko, binti yake alimwosha, na Mkaguzi alikaa miguuni pa kitanda akimtazama bila kusema lolote. Alifariki tarehe 22 Agosti, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, na neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa swali, kama itasomwa yote. Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, dada mmoja, na bata ambao idadi yao hakuna anayeijua, ndani ya nyumba ambazo hatuzijui.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi, kipekee yule daktari aliyetazama fizi wakati wengine walitazama tumbo tu. Tunawashukuru majirani mliotuletea maji, viti na kuni bila kuulizwa, na kina mama mliokaa na Mwalimu zamu kwa zamu. Tunakishukuru chuo cha ufundi kwa salamu zake.

Tunawashukuru pia wafanyakazi wenzake, ambao kwa mapenzi makubwa, na bila kujua, walisimama getini asubuhi hii na makasha mawili waliyopewa na ofisi, wakampa kila mtoto aliyeingia kibata kimoja cha njano cha kumkumbukia Fundi Bata. Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla hatujaendelea na lolote, kila mzazi amtazame mtoto aliye naye. Kichukueni kibata hicho mkononi mwake, taratibu, msimpige wala msimtishe, hana kosa, mpeni badala yake ufunguo, kitambaa, kijiko, chochote, kisha mumwoshe mdomo na mikono, maji yapo pale kwenye mapipa. Msivitupe jalalani wataokota wengine, msivichome moto, vileteni hapa mbele, na vilivyoko nyumbani mvilete kwa Mwalimu, ameshatoa viti vyote sebuleni ili vipate pa kukaa, na kesho muwawahishe watoto wakapimwe damu. Mama uliyesimama karibu na nguzo ya turubai, mwenye mtoto mgongoni, samahani kwa kukutaja mbele za watu, geuza shingo, mwanao anatafuna.

Kaka yetu, tumesoma yote. Hatutalinyanyua jeneza lako mpaka kibata cha mwisho kifike hapa mbele, na kikishafika, hapo sasa, pumzika kwa amani.